Goti la Mchambuzi

Mpira wa kikapu wa Marekani una makocha wake, una madaktari wake, una mabwana wa mahesabu wanaokesha na kompyuta, na juu ya hao wote una Samsoni, fundi cherehani wa Magamba. Hao wengine wanalipwa. Samsoni anatoa huduma yake bure, na labda ndiyo sababu Marekani haijawahi kumshukuru.

Watu walimwita Mchambuzi. Jina hilo alilipokea kama mtu aliyechaguliwa mzee wa kanisa, bila kuuliza kama kuna kejeli ndani yake. Mpira wenyewe hakuwahi kuushika. Shule ya sekondari ya jirani ina nguzo mbili za kikapu: moja ringi yake imepinda, nyingine ubao wake ulishageuzwa meza ya mama wa maandazi. Lakini tangu lini mtu akahitaji kucheza ndipo ajue kusema? Samsoni alijua nani anarusha kutoka mbali kwa sababu anaogopa kugongwa akisogea karibu. Alijua nani anajiangusha kabla hajaguswa ili refa amhurumie. Alijua timu gani imeuza mchezaji wake kwa pupa na itakuja kujuta, na aliyajua yote hayo huku mguu wake ukikanyaga cherehani na suruali ya mteja ikisubiri tangu Krismasi.

Mkewe, Efrazia, hakuwa na maoni kuhusu kikapu. Alikuwa na ndoo.

Mechi za Marekani huchezwa jioni ya kwao, na jioni ya kwao ni alfajiri ya kwetu. Kwa hiyo majogoo wa Magamba walipoanza kushindana, nyumbani kwa fundi walikuwa wameshaamka watu wawili. Mmoja amejifunika blanketi mpaka kidevuni, simu ameiegemeza kwenye mto. Mwingine anapapasa gizani kutafuta ngata yake ya kubebea ndoo, ateremke bondeni kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu.

"Mama Heri," sauti ingetoka blanketini, "wamemweka nje tena."

"Nani?"

"Mnara. Nani mwingine?"

Mnara ni jina alilolitunga Samsoni mwenyewe kwa mchezaji mmoja mrefu kupita kiasi, ambaye jina lake halisi lilimshinda kutamka. Huyo Mnara alikuwa na goti. Kila mtu ana goti, lakini la Mnara lilikuwa na madaktari. Kila baada ya mechi mbili tatu timu ilitangaza kwamba leo anapumzishwa, goti lisije likachoka, naye angeonekana amekaa pembeni ndani ya koti la bei mbaya, anawapigia makofi wenzake. Hapo ndipo damu ya Samsoni ilipokuwa inachemka.

"Goti gani?" angeuliza. "Si huyo anatembea? Ningemwona anatambaa ningesema haya. Mtu analipwa fedha za kununua Lushoto nzima na Bumbuli juu yake, kazi yake kuruka na kutua, halafu eti anapumzika. Sisi huku nani anatupumzisha?"

"Nani kweli," angejibu Efrazia, na kutoka na ndoo yake.

Goti la Efrazia la kushoto lilianza kusumbua tangu mimba ya Heri, na Heri sasa ni mtu mzima, anafanya kazi bandarini Tanga. Kuteremka hakukuwa na shida sana. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kulikokuwa na shida. Katikati ya ule mteremko kuna jiwe kubwa, na hapo alisimama kila siku, siyo kwa kutazama mandhari kama wazungu wanaokuja kutembea msituni, bali kwa kulibembeleza goti likubali kumalizia safari. Aliwahi kumwambia mumewe. Samsoni alikuwa anapiga pasi, akamtazama juu mpaka chini kama anayempima gauni.

"Goti gani?" alisema. "Si unatembea?"

Kisha, kwa huruma ya kitaalamu, akamshauri ajichue mafuta, maana baridi ya huku nayo imezidi. Efrazia hakulitaja tena. Ukisema neno likakosa pa kukaa, unalimeza, maisha yanaendelea.

Ndipo ukaja mradi wa maji. Chemchemi ilikuwa juu kule, ukingoni mwa msitu, na mabomba yalikuwa yameshafika. Kilichobaki ni mtaro, na mtaro huku kwetu hauchimbwi na serikali, unachimbwa kwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu, mnachimba pamoja, asiyetokea anajieleza mbele ya mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji, Mbaraka, alitangaza utaratibu. Mtaro mkubwa wa wote. Ukiisha, kila nyumba itachimba mchepuko wake, kutoka mtaro mkubwa mpaka uani kwake. Jumamosi ya fundi wa mabomba, mchepuko uliokamilika unaungwa. Usiokamilika unasubiri awamu nyingine, baada ya masika.

"Na kina chake?" mtu aliuliza.

"Goti," alisema Mbaraka. "Nikisimama ndani, ufike gotini."

Watu walitazamana. Mbaraka alikuja zamani kutoka Tanga kununua vitunguu, akaoa, akabaki, na katika kitongoji kizima hakuna aliyemfikia kwa urefu. Goti lake liko pale ambapo wengine wana paja. Lakini sheria ikishapita mkutanoni imepita.

Efrazia alirudi nyumbani ameshachagua mahali. Bomba litakaa kando ya jiko, jirani na jiwe la kufulia. Kesho yake akapanda matuta mawili ya figiri hapo hapo, ili maji yatakayomwagika yasipotee bure. Yusta, jirani yake, alimcheka kwamba anamwagilia mboga kwa maji ambayo bado yako msituni. Efrazia naye alicheka, akaendelea kupanda. Hakuwahi kukitaka kitu namna ile, hata siku ya harusi yake.

Msaragambo ulipoanza, nyumba ya fundi ilitoa watu wawili, jambo la kusifiwa. Efrazia alikuja na jembe. Samsoni alikuja na stuli.

Alikuja amevaa koti lake la kijivu, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaiweka stuli juu ya tuta la udongo penye kivuli, akakaa, akanyoosha mguu mmoja mbele.

"Nina goti," aliwaambia watu. "Mwili una mzigo wake. Ukiuzidisha mapema unaharibu msimu mzima."

"Baba Heri," alisema Yusta akiwa ndani ya mtaro, "si wewe uliyesema Mnara ni mvivu?"

"Mnara analipwa. Mimi nalipwa? Usifananishe mambo, dada yangu."

Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kula bure, alichangia alichonacho. Alitangaza. "Yusta huyo, anaingia kutoka kushoto, sururu juu, hakuna wa kumzuia, lo, amegonga mwamba. Mzee Timotheo anaomba kutoka, anasema kiuno, benchi la ufundi linamkatalia." Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Kusema kweli alikuwa na kipaji, na kazi ilikwenda kwa kicheko chake. Ndiyo maana hakuna aliyemgusa. Efrazia peke yake hakucheka, maana sehemu za watu wawili wa nyumba yao alikuwa anazichimba yeye, na goti lilikuwa limeanza kumjibu.

Mtaro mkubwa ukaisha. Ikaja zamu ya michepuko, na ilibaki wiki moja tu kabla ya fundi wa mabomba kuja. Kila uani sururu zililia. Kwa Samsoni kililia cherehani.

"Utaanza lini?" Efrazia alimwuliza Jumatatu.

"Mimi ni wa robo ya mwisho, Mama Heri. Wachezaji wakubwa wote wanaingia robo ya mwisho, mechi ikiwa imebana. Robo ya kwanza anacheza mtu yeyote."

Mtu yeyote akachukua sururu akaanza. Alichimba Jumatatu baada ya kutoka bondeni, akachimba Jumanne. Jumatano alikuwa amefika karibu na nusu, akainama kutoa jiwe, na goti likakataa kunyooka. Halikuuma kwa kelele, lilikataa tu. Alibaki ndani ya mtaro ameshika ukingo, anaita kwa sauti ndogo kwa sababu aliona aibu, mpaka Yusta akasikia akaja kumvuta kwapani. Walipolifunua lilikuwa limevimba kama kabichi changa.

Samsoni aliitwa. Alikuja na futi yake ya kupimia imemning'inia shingoni, akalitazama.

"Goti gani tena hili?" alisema. "Asubuhi si ulikuwa unatembea?"

"Asubuhi nilikuwa natembea," alisema Efrazia.

Yusta ndiye aliyefungua mdomo, na Efrazia akamshika mkono anyamaze. Alikuwa amekasirika, tena hasira ile tulivu ambayo haivunji vyombo. Alikuwa anawaza kikapu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake.

Alhamisi majogoo waliwika, Mnara alicheza au hakucheza, Efrazia alibaki kitandani.

"Mama Heri, maji?"

"Nimepumzishwa."

Samsoni alitoa kichwa blanketini. "Umepumzishwa na nani?"

"Goti lisije likachoka. Msimu bado mrefu."

Aliona ni utani, akacheka, akasubiri. Ulipofika wakati wa kunawa akanawa kwa chai iliyolala. Mchana jiko lilikuwa baridi. Jioni Yusta alileta makande, sahani moja, akaiweka mbele ya Efrazia na kumuuliza Samsoni habari za Marekani.

Ijumaa fundi cherehani aliamka ameelewa kwamba robo ya mwisho imefika, na imefika kwa kweli. Alivaa suruali kuukuu, akachukua sururu, akaenda kwenye mchepuko wake. Akakuta stuli yake ina mtu. Efrazia alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi na lile koti la kijivu la mumewe, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, mikono magotini.

Habari haikawii kusambaa. Kabla umande haujakauka, walikuwa wamejaa uani kwa fundi watu wote waliomaliza michepuko yao, na wengine ambao hawajamaliza lakini waliona hii haiwezi kuwapita. Mwosha huoshwa. Kila mmoja aligundua siku hiyo kwamba naye ni mchambuzi.

"Anashika sururu kama mkasi," alisema mmoja.

"Anarusha kutoka mbali, anaogopa kusogea karibu na jiwe."

Samsoni aliteleza, akakaa chini. "Amejiangusha huyo," alisema Mzee Timotheo, ambaye kiuno chake hakijasahau. "Hajaguswa na mtu. Refa, cheza."

Kila mara udongo ulipotoka, Efrazia alipiga makofi, mawili matatu, kwa heshima zote, kama alivyosikia kwamba Mnara hufanya.

Mikono ya Samsoni, iliyozoea sindano, ilitoka malengelenge yakapasuka. Alifunga vitambaa, akaendelea. Tusimnyime haki yake: alichimba. Alichimba mpaka jua likazama nyuma ya msitu na watazamaji wakaenda kula. Hakuzungumza, na hilo peke yake lilikuwa tukio la kihistoria hapa Magamba.

Jumamosi fundi wa mabomba alikuja. Mbaraka alimtangulia, akiingia mchepuko mmoja baada ya mwingine, akisimama ndani na kutazama goti lake. Kwa Yusta ulifika. Kwa Timotheo ulifika, baada ya kubishana kidogo. Kwa Samsoni ulifika pale kwenye mtaro mkubwa, ukafika katikati, ukaendelea kufika mpaka karibu kabisa na jiko. Hapo, mbele ya matuta ya figiri, palikuwa na changarawe ngumu, na mchepuko ukaishia kwenye muundi wa mwenyekiti, chini ya goti.

Mbaraka alipanda juu akakung'uta miguu. Hakufurahi.

"Kipande kidogo tu hiki," alisema. "Fundi anakunywa chai kwa Yusta, akitoka hapo anakwenda Shume. Akishaondoka ameondoka."

Samsoni alitazama sururu, akatazama vitambaa vya mikono yake, na vidole havikufumba vizuri tena. Kila aliyekuwepo alimgeukia Efrazia. Haukuwa ubaya, ilikuwa mazoea. Kazi ikibaki kidogo, huku kwetu macho yote yanajua pa kwenda.

"Mama Heri," Mbaraka alisema kwa upole, "wewe ni mtu wa kazi. Ukiingia unaimaliza kabla fundi hajamaliza kikombe."

Alikuwa anasema kweli. Efrazia aliitazama ile changarawe, akajua angeipiga wapi. Uvimbe ulikuwa umepungua. Goti lingelia, lakini lingemaliza, maana limemaliza makubwa kuliko hayo, na leo hii hii maji yangetoka pale kando ya jiko, na figiri zingekunywa. Akaona na mengine. Alimwona Samsoni Jumatatu kwenye cherehani akiwasimulia wateja jinsi alivyoingia robo ya mwisho akaokoa mechi. Aliona goti lake likirudi kuwa la kwake peke yake, lisilo na shahidi, mpaka siku ya kuzikwa nalo.

"Mwenyekiti," alisema, "nimepumzishwa."

"Hulitaki bomba?"

"Nalitaka kuliko ninyi wote."

"Sasa ingia basi, mke wangu," alisema Samsoni, na sauti ilikuwa ya kuomba.

"Robo ya mwisho ni yako, Baba Heri. Ulisema."

Mzee Timotheo alianza kusema neno kuhusu nyumba na amani, Yusta akamtazama, na mzee akalimalizia neno kwa kukohoa. Samsoni aliokota sururu, akapiga mara chache, kitambaa kikalowa damu, changarawe ikabaki ilivyo. Fundi alimaliza chai yake. Akaunga kwa Yusta, akaunga kwa Timotheo, akafunga mkoba, akasema awamu nyingine baada ya masika, Mungu akipenda.

Efrazia aliinuka kwenye stuli akichechemea. Aliingia jikoni akatoka na ndoo na ngata, akaviweka mikononi mwa mumewe, juu ya vile vitambaa, polepole asimuumize.

"Bomba likija utapumzika," alimwambia.

Huko bondeni, asubuhi zilizofuata, foleni ya maji ilipata burudani ambayo haijapata kuwa nayo. Sitayarudia yote yaliyosemwa pale, mengine hayafai mbele ya watoto. Samsoni alibeba ndoo begani kama gogo, nusu ikimwagika njiani, ikambidi kurudi tena. Ngata hakuitumia mwanzoni, kwa sababu ya uanaume. Wiki ya pili akaitumia. Kuhusu Marekani, wateja walimwuliza, naye akawajibu kwamba siku hizi hafuatilii sana.

Simu ilibaki kwenye mto. Alfajiri moja ya baridi Efrazia aliiegemeza kama alivyoona ikiegemezwa, akajifunika blanketi mpaka kidevuni, akatazama. Sheria hakuzielewa zote, lakini alimtambua Mnara mara moja. Alikuwa amekaa pembeni ndani ya koti, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

Alifungua dirisha la upande wa bondeni. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na chini kule, katikati ya mteremko, mumewe alikuwa amesimama. Ndoo ameitua juu ya lile jiwe kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha lile jiwe.

"Baba Heri," Efrazia aliita, "wamemweka nje tena."

"Nani?"

"Mnara. Goti."

Akasubiri. Alijua kinachofuata, amekisikia miaka yote, na alikuwa ameshalitayarisha jibu. Samsoni alikuwa ameshika goti lake la kulia kwa mikono miwili, anapumua.

"Linamuuma?" aliuliza.

"Linamuuma."

"Sana?"

"Akipanda. Akishuka si sana."

Samsoni alilichua goti lake kidogo.

"Na mbona hakusema?"

"Alisema," alijibu Efrazia.

Kule chini, mtu wa maneno alitafuta neno. Alitazama njia iliyobaki, akaitazama nyumba, dirisha na aliyekuwa dirishani.

"Basi mwache apumzike," alisema, akajitwisha ndoo, akaanza kupanda.

Efrazia alifunga dirisha, akarudi blanketini kutazama robo ya mwisho.